Kabla ya Kununua Mega Nyingine

Kila inapokaribia Julai na mafungu ya mwaka mpya wa fedha yanapangwa, idara za TEHAMA katika taasisi zenye matawi mikoani huandika ombi linalofanana: laini ya Mwanza imejaa, iongezwe kutoka mega 10 hadi 20, ya Mbeya ifuate, ya Mtwara isisahaulike. Nyuma ya ombi huambatishwa grafu yenye vilele vinavyogusa dari, pamoja na barua ya meneja wa tawi anayelalamika. Nimepitia maombi mengi ya namna hii, na msimamo wangu ni kwamba mengi hufika mezani bila ushahidi unaotakiwa. Baadhi ya laini hizo ni finyu kweli na zilipaswa kuongezwa mwaka uliopita. Nyingine hata zingeongezwa mara nne mtumiaji asingeona tofauti. Asilimia ya matumizi, kipimo ambacho karibu kila mtu anakitazama, haiwezi kutenganisha laini hizo. Foleni inaweza. Laini inahitaji upana zaidi pale kazi ambazo taasisi inailipia laini hiyo zinapolazimika kusubiri, siku baada ya siku, ndani ya saa za kazi, huku kazi zisizo na haraka zikiwa zimeshawekwa pembeni.

Tuanze na asilimia yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Laini ya data haina hali ya kuwa nusu. Wakati wowote utakaoitazama, ama inapeleka biti kwa kasi yake yote, ama imekaa kimya. Tukisema inatumika asilimia 50, tunasema tu kwamba katika kipindi tulichopima ilikuwa na kazi nusu ya muda. Pakiti ya baiti 1,500 kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua milisekunde 1.2 kutoka. Nyingine ikifika ndani ya muda huo, haina pa kupita. Hukaa kwenye kumbukumbu ya ruta ikisubiri zamu. Ni kama dirisha moja la benki: hata kama mhudumu hukaa bure nusu ya siku, wateja watatu wakiingia kwa pamoja, wawili lazima wasimame. Mdenmark Agner Krarup Erlang alianza kuiwekea hali hii hesabu mwaka 1909, akishughulika na simu za Copenhagen, na hesabu iliyotokana na kazi ile ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Pakiti zikifika bila mpangilio, muda wa kila moja kusubiri na kutoka ni muda wa kuituma ugawanywe kwa sehemu ya wakati ambayo laini iko huru. Kwenye matumizi ya asilimia 50 muda huo ni mara mbili ya ule wa kutuma. Kwenye 80 ni mara tano, kwenye 90 ni mara kumi, kwenye 95 ni mara ishirini. Kupanda kutoka 50 hadi 55 hakuna atakayekuhisi. Kupanda kutoka 90 hadi 95 kunazidisha kusubiri maradufu.

Hesabu hiyo ni ya upole. Mwaka 1993 Will Leland na wenzake wa maabara ya Bellcore nchini Marekani walionyesha kwamba pakiti katika mitandao halisi hazifiki zikiwa zimetawanyika. Huja kwa mafungu, na mafungu hayo hayalainiki hata ukipanua kipindi cha kutazama kutoka sekunde hadi dakika na kuendelea. Kwa hiyo foleni halisi huwa ndefu kuliko ile ya kwenye karatasi, na hapo ndipo ile kanuni maarufu ya "ikifika asilimia 70, ongeza" inaposhindwa kunishawishi. Asilimia 70 ya laini ipi? Kwenye tawi lenye wafanyakazi kumi na mega 4, mtu mmoja akituma faili la picha anaweza kuwakwamisha wote, hata kama wastani wa siku ni asilimia 30. Kwenye laini ya gigabiti 1, pakiti ileile hutoka kwa mikrosekunde 12. Hata muda wake ukizidishwa mara ishirini haufiki robo ya milisekunde, na shughuli za watu maelfu zimechanganyika kiasi kwamba fungu la mtu mmoja halionekani. Laini kubwa inaweza kukimbizwa asilimia 85 bila mtu kulalamika, huku ndogo ikiumiza watu kwenye 50. Anayezipimia zote kwa kigezo kimoja atanunua pasipohitajika na kuacha panapohitajika.

Halafu kuna grafu. Tobias Oetiker alianza kuandika MRTG mwaka 1994, akiwa mahali penye laini moja tu ya kilobiti 64 kwenda nje, na watu walitaka kujua laini ile inaendaje. Programu ile, na nyingi zilizorithi mtindo wake, husoma kaunta za ruta kila dakika tano na kuchora wastani. Chukua dakika tano ambazo laini ilijaa kabisa kwa sekunde 30, kisha ikatumika asilimia 20 katika sekunde 270 zilizobaki. Grafu itaandika 28. Katika zile sekunde 30, karani wa mapokezi hospitalini aliona skrini ikiganda na simu ya daktari ikakatikakatika, lakini picha uliyonayo inasema laini ina nafasi tele. Na kadiri siku zinavyopita picha hiyo inazidi kulala: grafu ya wiki ya MRTG huchora wastani wa dakika 30, ya mwezi wastani wa saa mbili, ya mwaka wastani wa siku nzima. Grafu ya mwaka ndiyo inayopendwa kwenye maombi ya bajeti kwa sababu inaonyesha ukuaji, na ndiyo iliyofuta karibu kila kitu kilichowaumiza watumiaji. Kwa ukuaji itumieni. Kwa kujua kama laini inatosha, haifai.

Upande wa pili wa grafu hiyohiyo kuna kosa linalogharimu zaidi, nalo ni kuona laini imegusa dari na kudhani kuna tatizo. TCP, protokoli inayobeba sehemu kubwa ya kazi zetu, imeundwa kuongeza kasi hadi ikutane na kikomo, ndipo ipunguze. Tabia hiyo ilipata umbo lake baada ya Oktoba 1986, pale laini fupi kati ya Lawrence Berkeley Laboratory na chuo kikuu cha Berkeley, California, iliposhuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 tu, na Van Jacobson akatengeneza njia ya kompyuta kuhisi msongamano na kurudi nyuma. Tangu hapo, mtu akipakua faili kubwa peke yake usiku atajaza laini ya aina yoyote utakayompa. Mega 10 atazijaza, mega 100 atazijaza kwa muda mfupi zaidi. Nakala za usiku zinazokimbia kwa asilimia 100 kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri ni jambo jema: laini imelipiwa na inafanya kazi wakati hakuna mtu wa kusumbuliwa.

Shida huanza nakala hizo zinapovuka alfajiri. Data ya gigabaiti 40 kwenye laini ya mega 10 huchukua karibu saa tisa. Ukianza saa nne usiku, unamaliza kabla kidogo ya saa moja asubuhi. Data ikikua hadi gigabaiti 50, utamaliza saa tatu asubuhi ikiwa imepita, na kwa saa nzima ya kwanza ya kazi tawi litalalamika. Kwenye grafu ya mwezi hilo linafanana kabisa na laini iliyozidiwa. Lakini tiba yake ya kwanza ni kutuma mabadiliko tu badala ya kila kitu, au kuanza saa mbili usiku. Vivyo hivyo na masasisho ya Windows. Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa saa zetu za Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku, kompyuta za ofisi zikiwa zimezimwa. Kwa hiyo mzigo unaangukia Jumatano asubuhi, kompyuta zote zinapowashwa pamoja na kila moja kuvuta nakala yake. Fundi asiyejua hilo atamwambia bosi wake kwamba "mtandao huwa unagoma tu wenyewe siku fulanifulani". Mashine moja ya tawini inayopakua mara moja na kuwagawia wenzake itaondoa mzigo huo bila kuongeza hata mega moja.

Pale ambapo upana hausaidii

Meneja wa tawi akipiga simu kusema, "Kaka, mfumo leo ni mzito," hasemi uongo. Ila "mzito" ni malalamiko yenye sababu nyingi, na upana wa laini ni mojawapo tu. Inayosahaulika kuliko zote ni umbali. Programu nyingi za uhasibu na za wagonjwa ziliandikwa na watu waliokuwa na seva chumba cha jirani. Kufungua ukurasa mmoja zinaweza kuiuliza seva maswali 400, moja baada ya jingine, kila moja likingoja jibu la lililotangulia. Ndani ya jengo moja, jibu likirudi kwa nusu ya milisekunde, kazi yote inaisha kwa sekunde 0.2. Kutoka mkoani hadi makao makuu, safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 20, ni sekunde nane. Kwa setilaiti iliyo umbali wa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, safari ikiwa milisekunde 600, ni dakika nne. Tuliokuwa kazini kabla ya nyaya za baharini kufika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, tunaijua dakika hiyo ya nne. Sasa ongeza upana mara kumi: maswali ni yaleyale 400 na umbali ni uleule. Pesa imetoka, ukurasa bado unafunguka kwa sekunde nane. Dawa iko kwenye programu, au kwenye kumpa mtumiaji skrini ya seva iliyo jirani na hifadhidata ili maswali yale yabaki chumba kimoja.

Sababu nyingine ni pakiti kupotea. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake walitoa hesabu inayoonyesha kwamba kasi ya TCP hupungua kadiri umbali na kupotea kwa pakiti vinavyoongezeka. Kwa pakiti za kawaida, kwenye safari ya milisekunde 150, mfano kwenda seva iliyoko Ulaya, pakiti moja katika kila mia ikipotea basi upakuaji mmoja wa TCP ya zama zile hauvuki kama megabiti 1 kwa sekunde, hata laini ikiwa na mega 50. Upotevu huo unaweza kutoka kwenye kiungio kibovu cha faiba, antena iliyoyumba baada ya mvua, au, jambo ninalolikuta mara kwa mara, jinsi mtoa huduma anavyobana kasi. Umenunua mega 20 lakini umeunganishwa kwa mlango wa mega 100 au gigabiti. Ruta yako inatuma kwa kasi ya mlango, na kifaa cha mtoa huduma kinatupa kila kilichozidi 20 papo hapo, bila kukipanga foleni. Grafu yako inaonyesha wastani wa asilimia 40. Watumiaji wanaonja upotevu. Ukiiamuru ruta yako mwenyewe isitume zaidi ya mega 19 na ipange foleni kwake, upotevu ule huisha, na hulipi chochote. Kabla ya kusaini ongezeko lolote, fanya hilo kwanza.

Kuna pia wanaopima kasi kwa tovuti ya majaribio saa tano asubuhi, wakaona mega 3 badala ya 10, na kuandika kwamba mtoa huduma anawaibia. Jaribio hilo hupima kilichobaki baada ya wenzao ofisini kuchukua chao, na lenyewe hujaza laini likiendelea. Usiku wa manane, kompyuta moja ikiwa peke yake, lina maana. Mchana wa kazi linaongeza foleni tu.

Kuhusu kupanga vipaumbele kwenye ruta, nakutana na makundi mawili yanayopingana. La kwanza linasema vipaumbele ni kujidanganya, nunua upana. La pili linasema ukipanga vipaumbele vizuri hutahitaji kununua kamwe. Mimi siko upande wowote kati yao, kwa sababu vipaumbele havitengenezi upana. Vinaamua nani asubiri. Kama nusu ya mzigo ni masasisho na video za burudani, kuamua nani asubiri kunatosha. Kama mzigo wote ni miamala ya wateja, ukiitanguliza mingine unaichelewesha mingine iliyo muhimu vilevile, na hapo umefika mwisho wa njia hiyo. Zaidi ya hapo, ruta nyingi za bei nafuu zina kumbukumbu kubwa kupita kiasi. Megabaiti 1 ya foleni mbele ya laini ya mega 10 ni kusubiri kwa sekunde 0.8, na hakuna simu inayozungumzika hivyo. Jim Gettys alilipigia kelele tatizo hili kuanzia mwaka 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, njia inayotazama pakiti imesubiri muda gani badala ya kuhesabu ziko ngapi. Ruta nyingi za sasa zinayo, au zina ndugu yake fq_codel. Kuiwasha kumewahi kuahirisha ongezeko kwa mwaka mzima mahali nilipokuwa nikishauri.

Ushahidi wa kuongeza

Basi ombi la haki lina nini ndani yake? Kwanza, kipimo cha kusubiri. Tuma pakiti ndogo kila sekunde chache kutoka tawi hadi makao makuu, kwa wiki nne zenye mwisho wa mwezi ndani yake, kisha linganisha saa kumi usiku na saa tano asubuhi. Umbali haubadiliki kati ya usiku na mchana, kwa hiyo mara nyingi tofauti yote ni foleni. Usiku milisekunde 18 na mchana 25: laini ni nzima, hata grafu isemeje. Usiku 18 na mchana 200 kwa saa mbili mfululizo: kuna jambo. Pili, hesabu ya pakiti zilizotupwa, kwa kila daraja la kipaumbele, na kwa pande zote mbili. Hapa watu hupotea: pakiti zinazoingia tawini hupangwa foleni upande wa pili, kwenye ruta ya makao makuu au ya mtoa huduma. Ukiitazama ruta ya tawi peke yake utaona sifuri na kuapa kwamba hakuna tatizo. Tatu, nani anatumia. Rekodi za mtiririko ambazo ruta zinaweza kutoa, NetFlow na jamaa zake, zitakuambia kama saa tano asubuhi ni miamala au ni mtu anayehifadhi video zake za harusi kwenye wingu.

Ukikuta sehemu kubwa ni intaneti ya kawaida inayosafirishwa kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam ili tu itokee makao makuu, usiipanue laini ya ndani kwa ajili hiyo. Nunua intaneti ya kawaida palepale Mwanza, uweke ulinzi wake, uiache laini ya ndani ibebe mifumo ya taasisi. Bei ya mega ya intaneti na bei ya mega ya laini binafsi ya mkoani kwa kawaida hazikaribiani, na sioni sababu ya hospitali ya misheni au SACCOS ya walimu kulipia ya ghali ili kupitisha ya rahisi.

Foleni ikibaki baada ya hayo yote, ongeza, na usiogope. Hapo swali linahamia kwenye tarehe, na tarehe inategemea ununuzi wenu unachukua muda gani. Tuseme saa yenye kazi nyingi sasa inatumia asilimia 50, mzigo unakua asilimia 4 kwa mwezi, na mmeshapima kwamba kusubiri kunawaumiza kuanzia 80. Mtafika 80 baada ya mwaka mmoja. Kama kutoka ombi hadi laini kuwaka ni miezi sita, ukihesabu zabuni, vibali vya kuchimba na mvua za masika, ombi linatakiwa kuingia mkifika kama 63. Taasisi jirani inayoongezewa kwa barua pepe ndani ya wiki moja inaweza kungoja hadi 78. Hii ndiyo sababu nasisitiza kigezo kisiigwe kutoka kwenye kitabu cha mtu mwingine: nusu yake ni tabia ya laini yenu, na nusu ni kasi ya ofisi yenu ya manunuzi.

Na hesabu hiyo ifanywe kwa siku mbaya. Taasisi nyingi sasa zina laini mbili kwa kila tawi kubwa na huzitumia zote kwa pamoja, jambo zuri. Lakini laini mbili za mega 20, kila moja ikiwa kwenye asilimia 60, zinabeba mega 24. Ikikatika moja, mega 24 zinataka kupita penye 20, na yale tuliyoona juu kuhusu asilimia 95 yanapitwa mbali. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini, miezi michache baada ya nyaya kadhaa, SEACOM ikiwemo, kukatika Bahari ya Shamu, Afrika Mashariki nzima ilisoma somo hilo kwa kiwango cha nchi: njia zilizobaki zilikuwepo, ila hazikuwa na nafasi ya kupokea mzigo wa zile zilizopotea. Kama menejimenti inataka tawi lifanye kazi kikamilifu laini moja ikikatika, jumla ya saa yenye kazi nyingi isizidi kile ambacho laini moja inabeba bila foleni. Kama wanaridhika na miamala pekee kupita siku hiyo, waseme hivyo kwa maandishi, na vipaumbele vipangwe leo, siyo siku ya kukatika.

Laini mpya ikiwashwa, usisaini hati ya kupokea kabla ya kuijaza mwenyewe kwa programu kama iperf, usiku, kutoka pande zote mbili, na kuhesabu pakiti zilizopotea. Kisha baada ya mwezi chora upya ile tofauti ya usiku na mchana, uiweke kando ya ile ya mwanzo. Kama kusubiri hakukupungua, tatizo halikuwa upana, na pesa hiyo inatakiwa kurudi. Kwa hiyo mkataba wa kuongeza uwe na kifungu cha kushusha, chenye bei zilizoandikwa kwa kila daraja la kasi, kisicho na faini, na kinachoweza kutumika ndani ya siku 90 za kwanza.